Geji Iliposhuka

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi, Nateete, Kampala

Nimeombwa nizungumze kuhusu vifaa vya kupimia joto ndani ya mitambo inayotetemeka. Nimechagua Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachosikika chini ya magari hapa kwetu. Fundi wa Masaka, wa Busia, wa Bukavu na wa Kigali wakikutana juu ya injini moja, spana huombwa kwa Kiswahili. Kifaa chenyewe wengi wenu mnakiita sensa. Vitabuni sensa ni kuhesabu watu, kwa hiyo leo nitasema kihisi, nanyi mtanielewa.

Nianze barabarani. Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilipanda taksi Kyengera kuja mjini, nikakaa kiti cha mbele. Foleni ya Busega mnaijua. Sindano ya geji ya joto ilikuwa inapanda kidogo kidogo, na dereva alikuwa akiitupia jicho kila tuliposimama. Tulipokaribia soko la Nateete sindano ikashuka ghafla, ikalala chini kabisa. Dereva akashusha pumzi, akasema Mungu mkubwa, injini imepoa. Akakanyaga mafuta. Hatukumaliza hata kilomita moja. Moshi mweupe ulitoka, injini ikanyamaza, na fundi aliyekuja kufungua alikuta hedi imepinda na gasketi imeungua. Dereva yule hakuwa mzembe. Alitazama geji kama alivyofundishwa, akaiamini, na geji ikamdanganya.

Kilichotokea mafundi wakongwe wanakijua. Kihisi cha joto la maji hukaa juu ya injini, ncha yake ikiwa imezama majini. Ndani yake mna punje ndogo iitwayo themista, ambayo ukinzani wake hupungua kadiri inavyopata joto: katika magari mengi ni omu 2,500 hivi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Rejeta ikivuja, maji hushuka, na ncha hubaki hewani. Hewa haipelekei ncha joto kama maji yanavyoipelekea. Chuma cha injini kinazidi kuwaka huku kihisi kinapoa, ukinzani unapanda, na sindano inashuka. Yaani saa ambayo dereva anamhitaji shahidi kuliko saa nyingine zote ndiyo saa ambayo shahidi anageuka.

Ukikata waya wa kihisi hicho utapata jambo lile lile. Waya uliokatika una ukinzani usio na mwisho, na kwenye geji za zamani ukinzani mkubwa maana yake ni injini baridi. Waya hukatika kwa sababu ya joto na mtetemo, na joto na mtetemo huzidi injini inapotaabika. Kwa hiyo uwezekano wa geji kusema "baridi" huongezeka kadiri injini inavyokaribia kufa. Aliyebuni mfumo ule hakukusudia ubaya. Alifikiria kihisi kikiwa kizima, hakukifikiria kikiwa kinakufa. Na hilo ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii. Vihisi vyote hufa. Kazi ya mbunifu ni kuchagua kitakufia wapi, baada ya muda gani, na siku hiyo kitamwambia nini mtu anayekitazama.

Nateete ni mahali pazuri pa kusema maneno haya. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyefika kwa Kabaka Mutesa Novemba 1878, alikuwa na karakana yake hapa hapa, na watu walimwita Muzungu wa Kazi. Wengi wanamkumbuka kwa Injili na kwa mashine ya kuchapia. Mimi namkumbuka kwa tanuru na nyundo. Yeye, na wahunzi wa Buganda na Bunyoro waliofua chuma kabla yake kwa vizazi vingi, walipima joto kwa jicho. Chuma kikiwa chekundu kama tunda lililoiva kiko kwenye nyuzi 750 au 800 hivi. Kikielekea njano kimepita 1,000. Jicho la mhunzi ni kihisi kizuri sana: haliguswi na moto, halina waya, na halitetemeki pamoja na nyundo. Lakini haliwezi kuingia ndani ya bomba la moshi la dizeli, wala ndani ya beringi. Ndiyo maana tunachomeka ncha ya chuma mahali ambapo jicho haliingii, na shida zetu zote zinaanzia kwenye huko kuchomeka.

Sasa niwaeleze kazi yangu mwenyewe, kwa kuwa naijua kuliko ya watu wengine. Kuna mama mwenye mashine ya kusaga mahindi si mbali na soko. Injini yake ni dizeli ya silinda moja, inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Aliniambia injini mbili zimeshamfia kwa kuzidiwa na mzigo: vijana wakiona foleni ya wateja humimina mahindi haraka, injini inakohoa, moshi unakuwa mweusi, na hakuna anayejua imefika wapi. Alitaka taa nyekundu. Ikiwaka, kijana apunguze mahindi. Nikamwambia jambo hilo ni jepesi. Nilikosea.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mara 2,200 kwa dakika, kwa saa nane za kazi, ni zaidi ya mara milioni moja kwa siku. Kila mzunguko ni msukosuko mmoja, na kila kitu kilichofungwa kwenye injini ile hupinda kidogo na kurudi. Ukiupinda msumari kwa mkono mara kumi unakatika. Ukiupinda kidogo sana hukatika baada ya mara laki moja, au milioni, na wahandisi huita hali hiyo uchovu wa metali. Chuma cha kawaida kina kiwango ambacho, ukikipinda chini yake, unaweza kukipinda milele. Shaba haina kiwango hicho. Shaba huhesabu kila mpindo na haisahau. Na waya zetu ni za shaba.

Kihisi cha kwanza nilichomwekea kilikuwa cha platini, kile kiitwacho Pt100: omu 100 kamili kwenye nyuzi sifuri, omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Ni kipimo cha heshima. Hugh Callendar ndiye aliyekifanya kiaminike katika miaka ya 1880, na mpaka leo maabara za dunia hupima joto kwa platini. Nilikifunga kwenye kizibo cha hedi, nikaunganisha waya kwa risasi ya kulehemu, nikapeleka waya mpaka ukutani. Siku ya kumi na moja kilikufa. Nilipokifungua, platini ilikuwa salama kabisa. Waya ulikuwa umekatika milimita mbili kutoka kwenye ncha niliyoilehemu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu milimita mbili hizo zimenifundisha kuliko vitabu. Waya laini umetengenezwa kwa nyuzi nyembamba nyingi ili upinde bila kuchoka. Unapouchovya kwenye risasi iliyoyeyuka, risasi hunywewa na nyuzi zile, hupanda juu kama mafuta kwenye utambi, na mahali ilipofikia waya unakuwa fimbo ngumu. Nyuma ya hapo waya bado ni laini. Mtetemo wote hukusanyika kwenye mpaka kati ya kigumu na laini, na hapo nyuzi hukatika mmoja baada ya mwingine. Ukiuvuta kwa mkono unauona mzima, kwa sababu ganda la plastiki bado limeushika. Zaidi ya hayo, risasi ile ya bati na plambi huyeyuka kwenye nyuzi 183, na ganda la kawaida la waya, la PVC, huanza kulainika kabla hata ya 105. Nilikuwa nimechukua kipimo cha maabara nikakitundika kwa uzi wa kushonea.

Kwa hiyo leo, penye mtetemo, silehemu. Nabana kiungio kwa koleo la kubania, kwa ukubwa unaolingana na waya, halafu nashika waya mara ya pili nyuma ya kiungio ili mtetemo usikifikie. Ganda la waya nalichagua kwa joto la mahali: silikoni hustahimili nyuzi 180 hivi, teflon 260, na nyuzi za kioo zilizosukwa hupita 400. Bei zake si sawa, najua. Lakini mita moja ya waya mzuri karibu na injini inatosha. Huko ukutani tumieni mnachopata.

Kihisi cha pili kilikuwa themokapo. Hiki ni kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na kiungo kikapata joto, sindano ya dira iliyo karibu inasogea. Leo tunajua ni umeme. Themokapo ya aina ya K, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi, hutoa mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja. Ni umeme mdogo mno, lakini kifaa chenyewe ni waya mbili na kiungo kimoja, wala hakuna punje ya kupasuka. Tena huuzwa ikiwa imefungwa ndani ya mrija wa chuma kisichoshika kutu, waya zikiwa zimezungukwa na unga wa oksaidi ya magniziamu uliogandamizwa mpaka ukawa kama jiwe. Ndani ya mrija huo waya haziwezi kucheza. Huo ndio ubunifu mkubwa kuliko wote niliouona katika kazi hii: badala ya kupigana na mtetemo, waya zimezikwa.

Nikanunua mrija wa milimita 3, nikauchomeka kwenye bomba la moshi, sentimita 15 zikiwa zinaning'inia ndani. Nilitaka ncha ifike katikati ya moshi nipate joto la kweli. Ulidumu wiki saba. Safari hii ulikatika shingoni, pale unapoingia kwenye nati.

Ili kuona sababu, chukua wembe wa msumeno wa chuma, ubane kwenye jiriwa, uuache urefu wa sentimita 20 nje, kisha uupige kwa kidole. Utaona unapepea polepole. Ufupishe mpaka sentimita 5, upige tena: unalia kwa sauti nyembamba. Kila fimbo iliyoshikwa upande mmoja ina mwendo wake, na injini ikikutana na mwendo huo fimbo hucheza mara nyingi zaidi ya injini yenyewe, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Mrija wangu, kwa hesabu, ulikuwa unapepea mara 80 hivi kwa sekunde. Injini ya mama ilikuwa inazunguka karibu mara 37 kwa sekunde, na mtetemo wa pili wa injini, ambao huwa ni mara mbili ya mzunguko, ni 73. Nilikuwa nimeujenga mrija wangu jirani kabisa na adui yake.

Kanuni yake ni nyepesi, tena inafaa kukaririwa. Mwendo wa fimbo hupanda sawasawa na unene wake, na hushuka kwa urefu uliozidishwa kwa urefu. Ukipunguza urefu nusu, mwendo unakuwa mara nne. Kwa kihisi cha tatu nikachukua mrija wa milimita 6, nikaacha sentimita 5 tu ndani ya bomba: unene mara mbili, urefu theluthi moja, mwendo mara 18. Sasa mrija uko mbali na kila kitu ambacho injini ile inaweza kuimba.

Lakini hakuna kitu cha bure. Mrija mnene huchelewa kupata joto. Na mrija mfupi huvuja joto kwenda kwenye ukuta wa bomba, kwa hiyo ncha husoma chini ya ukweli. Wapimaji husema ncha izame angalau mara kumi ya unene wake. Mimi nilikuwa nimezamisha mara nane na kidogo. Nilikubali hasara hiyo. Mama hahitaji kujua kama moshi ni nyuzi 430 au 445. Anahitaji kujua kwamba leo umepanda kuliko jana kwa mzigo ule ule. Kihisi kinachokosea kwa kiasi kile kile kila siku kinamfaa. Kihisi sahihi kilichokatika hakimfai mtu yeyote.

Msifikiri makosa kama langu ni ya watu wa Nateete peke yao. Tarehe 8 Desemba 1995, huko Japani, kinu cha nyuklia cha Monju kilivuja sodiamu, metali ambayo huwaka ikikutana na hewa. Mabomba yalikuwa mazima. Kilichovunjika kilikuwa ala ya themokapo, mrija wa kinga uliochomekwa ndani ya bomba ili kupima joto la sodiamu. Sodiamu ilipopita ilitengeneza mizunguko midogo nyuma ya mrija, kama maji yanavyofanya nyuma ya nguzo ya daraja, na mizunguko hiyo iliutikisa mrija mpaka ukachoka. Mrija ulikuwa na ngazi pale unene wake ulipobadilika, kona kali, na ulikatikia pale pale kwenye kona. Mamia ya kilo za sodiamu zilimwagika zikawaka. Kinu hakikuwashwa tena mpaka mwaka 2010. Fikirini: mtambo wa mabilioni ulisimama kwa karibu miaka 15 kwa sababu ya kona moja kwenye mrija wa kupimia joto. Wajapani ni wahandisi hodari. Ila kihisi kilihesabiwa kuwa kitu kidogo, na kitu kidogo hakikupewa hesabu yake.

Tokea niliposoma habari ile, kila shingo ninayochonga kwenye lathe naipa mviringo. Nawaomba wanafunzi wafanye hivyo hivyo. Mwalimu akikuuliza kwa nini unapoteza muda kwenye kona, mwambie ndipo kitu kitakapokatikia.

Kihisi cha tatu kwenye mashine ya mama kina jambo moja ambalo halikuwepo kwenye viwili vya kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko unene na urefu. Mwanzoni nilikuwa natoa waya kwenye injini moja kwa moja hadi ukutani. Injini inaruka, ukuta umetulia, na waya uko katikati ukivutwa na vyote viwili. Sasa waya ukitoka kwenye kihisi naufunga kwanza kwenye injini yenyewe, kwa vibano viwili, ili kihisi na waya vitetemeke kama mwili mmoja. Kisha naacha kitanzi kipana kinachoning'inia, chini ya urefu wa mkono. Baada ya kitanzi ndipo ukuta. Mpindo wote sasa uko kwenye kitanzi, mahali nilipopachagua mimi, penye waya laini, ganda zuri, na ambapo kijana akitazama anaona. Kitanzi kile kitakatika siku moja. Kikikatika nitabadilisha nusu mita ya waya kwa dakika kumi, bila kugusa bomba la moshi.

Na siku kitakapokatika, taa nyekundu itawaka. Hapo ndipo ninapotaka kurudi kwa dereva wa taksi. Themokapo iliyokatika haitoi umeme, na kifaa cha kusomea kikiachwa hivyo kitasema baridi, kama geji yake. Dawa ni ya zamani na ni rahisi: unapitisha mkondo mdogo mno wa umeme kwenye waya zile kupitia kikinza kikubwa. Waya zikiwa nzima mkondo huo haubadilishi kitu. Zikikatika, unasukuma kipimo kipande mpaka mwisho, na taa inawaka. Vifaa vingi vya viwandani vina swichi ya kuchagua hali hiyo, na nimeviona vingi hapa mjini vikiwa vimeachwa upande mbaya kwa sababu taa iliyokuwa ikiwaka iliwachosha watu. Ndugu zangu, taa hiyo ikiwaka, tafuteni waya uliokatika. Msiizime taa.

Reli ilijua jambo hili kabla yetu. Wazee waliofanya kazi kwenye reli wanaikumbuka plagi ya risasi kwenye boila za injini za mvuke. Ni bolti ya shaba yenye kiini cha plambi, imefungwa kwenye dari ya tanuru, maji yakiwa juu yake. Maji yakipungua, plambi inayeyuka kwenye nyuzi 327, na mvuke unashuka kwa kishindo juu ya moto na juu ya wafanyakazi. Hata dereva asiyeitazama geji alijua. Kihisi hicho hakina waya, kinavumilia mtetemo wa reli miaka mingi, na kikifa kinapiga kelele. Hata hivyo wakaguzi waliing'oa na kuibadilisha kwa tarehe, hata kama ilionekana nzima, maana chokaa ya maji huifunika na plambi huharibika, ikaacha kuyeyuka inapotakiwa. Walijua kuwa hata shahidi mwaminifu huzeeka.

Kuna kufa kwingine kwa themokapo ambako taa haiwezi kukugundua, na kunanikosesha usingizi kuliko kukatika. Ganda likisagika katikati ya njia, waya mbili zikagusana, hapo pamezaliwa kiungo kipya. Kifaa kitasoma joto la pale zilipogusana, si la ncha. Namba itaonekana ya kawaida, inapanda na kushuka vizuri, ila ni joto la ubavu wa mashine. Dawa yake ni njia ya waya: isipite kwenye kona ya bati bila mpira, isilale juu ya bomba, isifungwe kwa waya mwembamba wa chuma unaokata ganda. Hakuna saketi ya kukusaidia hapo. Ni mkono wako na subira yako.

Nipite haraka kwenye mambo ya sokoni, maana vihisi vyetu vingi vinatoka kwenye mashine kuukuu za kila nchi. Rangi za waya hazikubaliani. Kwenye themokapo ya K ya Kimarekani waya mwekundu ni hasi. Kwenye ya Kijerumani ya zamani mwekundu ni chanya. Mkiamini rangi mtageuza waya, na mashine ikipata joto kipimo kitashuka. Chukueni sumaku ya spika mbovu: waya wa aina ya K unaovutwa na sumaku ndio hasi. Jambo la pili, msirefushe themokapo kwa waya wa shaba wa kawaida mkaunganisha karibu na injini, kwa sababu mtakuwa mmepoteza joto lote lililopo kati ya kiungio hicho na kifaa. Kuna waya wake maalumu. Na mkikata mrija wenye unga wa magniziamu, zibeni mdomo wake saa hiyo hiyo. Unga ule hunywa unyevu wa hewa, na mwezi wa Aprili hapa Kampala hewa ni maji. Mkiuacha wazi usiku mmoja, asubuhi ukinzani kati ya waya na mrija utakuwa umeporomoka. Mrija mzima hupimwa kwa mega, kifaa cha kupimia ukinzani mkubwa, na mimi sikubali chini ya megaomu 100.

Kuhusu kupima usahihi, wengi mnajua kutumia maji yanayochemka. Basi kumbukeni Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96. Fundi anayerekebisha kipimo mpaka kisome 100 kwenye sufuria ya Nateete amekiharibu kwa nyuzi nne. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji haina shida hiyo. Ni sifuri hapa na ni sifuri Mombasa. Hesabu hiyo hiyo iwakumbushe mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa shinikizo la ba 0.9 huruhusu maji yetu kufika nyuzi 116 hivi kabla ya kuchemka. Mfuniko uliochoka unayaachia yachemke kwenye 96, na thamostati nyingi hazijafunguka vizuri kabla ya 90. Nafasi inayobaki ni ndogo mno. Basi acheni kung'oa thamostati na kulaumu jua, anzeni na mfuniko.

Vijana watauliza kuhusu umeme, na wana haki. Makerere walitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, likafuata basi la Kayoola mwaka 2016, na sasa boda boda za umeme zinatupita kimya kimya barabarani. Betri za vyombo hivyo hazifiki joto la bomba la moshi, lakini mashimo ya njia zetu huzitikisa kwa nguvu, na vihisi vyake ni punje za themista zilizobandikwa kwa gundi kwenye seli. Gundi ikiachia, punje hupima hewa iliyo pembeni ya seli, na hewa huwa baridi kuliko seli. Ni taksi yetu ya Kyengera tena, ndani ya sanduku lililofungwa. Nani kati yenu atabuni kibano cha kuishika punje hiyo hata gundi ikiachia? Nauliza kwa sababu nataka jibu. Anayelitaka swali hilo anione tukimaliza.

Watu huniuliza maabara yangu ya mtetemo iko wapi. Nje kuna mitambo ya kutikisia inayoendeshwa na kompyuta. Mimi nina mashine ya mama. Kila kihisi kipya nakifunga pale kwanza, kwenye fremu ya injini, kwa siku 30 za kazi, na mizunguko milioni 30 inapita juu yake. Kikitoka hai nakikata katikati kwa msumeno, nakipaka mafuta, nakitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ufa huanza kabla ya kukatika. Hapa mezani nimeleta vile viwili vilivyokufa, cha siku kumi na moja na cha wiki saba, pamoja na kioo. Njooni mviangalie mmoja mmoja. Kwenye cha wiki saba mtaona mistari midogo iliyopindika kama pete za mti. Kila mstari ni hatua ya ufa, na ukiifuata yote inarudi kwenye kona kali ya nati, niliyoikata kwa mkono wangu mwenyewe.

Cha tatu sikuweza kukileta. Bado kiko kwenye bomba la moshi, na mama alikataa nikifungue kwa ajili ya mhadhara. Kitanzi tumeshakibadilisha mara mbili. Mara ya pili alinipigia simu saa tatu usiku: taa inawaka, mahindi ni kidogo, na mlio wa injini ni wa kawaida. Alikuwa ameshaizima. Nilipofika asubuhi alikuwa ameshika waya mkononi, akanionyesha mahali ulipokatika kabla sijauliza.